Mvinyo Usio na Kwao

Durban, 15 Februari 1998

Shemeji Gosbert,

"Mama Mati, chupa yenye iko na neno Appellation Contrôlée, ile ndiyo mvinyo. Yenye haiko nalo ni ya kupikia nyama."

Maneno hayo si yangu. Ni ya Bwana Barthélemy, Mkongo wa Bukavu mwenye duka la simu hapa katikati ya mji, na aliyatamka mbele ya wateja wake huku ameinua kidole kama anayesoma amri za Mungu. Si kweli, na nitakuonyesha si kweli kwa namna gani. Lakini kwanza nikuamkie, usije ukasema hasira imenisahaulisha malezi.

Hujambo? Mkeo hajambo, na lile goti lake? Sisi wazima. Matilda anaendelea na masomo yake ya famasia. Kwa kimo amekwisha nipita, kwa ukaidi tunakabana. Mimi nafundisha watu wazima Kiingereza jioni, na gazeti langu la ukurasa mmoja bado linatoka. Linasomwa zaidi saluni, watu wakisubiri kusukwa. Wanaonipinga ni wengi, ndiyo maana linasomwa.

Jambo lenyewe ni hili. Matilda amepata mchumba. Anaitwa Peguy, na ni mtoto wa huyo huyo Barthélemy. Cheka sasa, umalize, tuendelee. Kijana ni mpole, anafanya kazi kwenye ghala la vinywaji huko Mobeni, na hajawahi kubishana nami hata mara moja, jambo ambalo sijui kama ni sifa au ni woga. Wanataka kuoana Desemba.

Nilimweleza Barthélemy kwamba kwetu binti haombwi kwa mdomo mkavu. Huombwa kwa rubisi, pombe ya ndizi zetu, na anayeionja ni upande wa baba. Baba yake hayupo, kwa hiyo ni wewe. Matilda mwenyewe kaniambia, "Mama, bila neno la baba mdogo siolewi. Sitaki kwenda kama mtu aliyeokotwa kwenye robot." Robot ndilo jina la taa za barabarani hapa.

Rubisi Durban hakuna. Ndizi zipo za kula, mtumbwi wa kukamulia haupo, na nikianza kukanyaga ndizi humu ghorofani Umbilo, jirani wa chini ataita polisi. Barthélemy anasema ataleta mvinyo wa Kifaransa badala yake, tena wenye lile neno lake. Anadhani neno hilo linaahidi utamu. Haliahidi. Nimekaa maktaba ya mji nikasoma: linataja mahali mvinyo ulipozaliwa, na linasema waliouandaa wamefuata utaratibu wa mahali hapo, zabibu za aina gani, mavuno yasizidi kiasi gani. Basi. Mvinyo mbaya unaweza kuwa nalo, na mzuri ukalikosa.

Nijibu: je, mvinyo unaweza kusimama mahali pa rubisi?

Kuhusu kibanja cha marehemu mume wangu Gilbert, kile cha migomba chini ya njia, sitauliza. Nilikiacha nilipoondoka, na mila inavyosema, kwamba mjane harithi ardhi, naijua.

Shemeji yako,
Blandina


Kamachumu, 26 Aprili 1998

Ma Blandina, shemeji yangu mwenye maneno,

Nimecheka kama ulivyoniamuru, na nimemaliza. Barua yako ilichelewa kwa sababu mvua za mwaka huu zimekula barabara. Gari la posta lilikaa Muleba mpaka tukadhani limehamia huko. Goti la mke wangu linamsalimia goti lako. Kahawa imechanua vibaya. Watoto wazima.

Habari ya Matilda imetufurahisha sana. Ahsante kwa kutukumbuka, maana ungeweza kumwoza huko huko na kututumia picha. Nilipoisoma barua mbele ya wazee, Mzee Anicet, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alisema, "Mvinyo ni wa altareni. Tutamtoa binti kwa damu ya Yesu?" Nikamwambia padri anainywa kila siku na hajaoa mtu. Hakucheka.

Mimi sina ugomvi na mvinyo. Nina swali moja tu, na marehemu kaka yangu angeliuliza hilo hilo: pombe hiyo ni ya kibanja cha nani?

Unakumbuka walipokuja kumposa dada yetu Gloriose. Wale watu walinunua kibuyu sokoni. Baba alinusa, akauliza, "Ya kibanja gani?" Wakaanza kutazamana. Kibuyu kikarudi kama kilivyokuja, na posa ikangoja mpaka ndizi zao wenyewe zilipokomaa. Katika ukoo wetu anayeomba binti anamwonjesha mzazi ardhi ambayo binti yake atakula kutoka kwayo. Kama hao Wafaransa hawawezi kusema zabibu zimetoka kwa nani, tutaonja nini?

Mengine huku yapo kama yalivyo.

Gosbert


Durban, 14 Juni 1998

Shemeji Gosbert,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hapa baridi imeingia, ingawa baridi ya Durban ingekufanya uvue koti. Matilda amefaulu mitihani ya nusu mwaka na anakupigia magoti kwa mbali. Mwambie mkeo goti langu limeitikia.

Swali uliloniuliza, Wafaransa wamelitungia sheria. Nimerudi maktaba, kisha nikaenda kwenye duka la vinywaji la Umbilo Road nikasoma lebo mpaka mwenye duka akaniuliza kama natafuta kazi. Sikiliza.

Chini kabisa kuna Vin de Table, mvinyo wa mezani. Huo sheria inaukataza hata kutaja mkoa wala mwaka wa mavuno. Umechanganywa kutoka popote. Juu yake kuna Vin de Pays, ambao unataja wilaya yake. Halafu kuna daraja dogo linaloandikwa VDQS, hilo ni kama benchi la kusubiria kupandishwa. Juu yake ndipo penye Appellation ya Barthélemy. Na humo ndani pia hawalingani. Soma jina lililokaa katikati ya yale maneno mawili, Appellation na Contrôlée. Ukiona Bordeaux, huo ni mkoa mzima. Ukiona Pauillac, hicho ni kijiji, na masharti yake yanabana zaidi. Kadiri mahali panavyokuwa padogo ndivyo unavyokaribia mlango wa mtu. Kule Burgundy wamefika mpaka shamba moja moja: cheo cha Grand Cru kimepewa shamba lenyewe. Wenye shamba hufa, huuza, huoana, na shamba linabaki na cheo chake. Ukitaka kujua kama mkulima ameujaza mwenyewe chupani, tafuta chini maneno mis en bouteille à la propriété. Picha ya kasri na wino wa dhahabu ni mapambo, usiyatazame.

Nilipokwisha kujua hayo, nilikwenda dukani kwa Barthélemy. Unanijua. Alikuwa ameweka chupa yake ya posa kwenye kabati la vioo, pamoja na simu.

"Hii ni Bordeaux tu," nikamwambia. "Ni sawa na kusema pombe ya Mkoa wa Kagera. Shemeji yangu anataka kibanja."

"Mama Mati, sasa wewe unajua mvinyo kupita Mufaransa?"

"Ladha siijui. Kusoma najua."

Watu wakacheka. Wakanipa moyo, nikaendelea. Nikamweleza ngazi yote, na nilipofika chini nikasema, "Na huu wa mezani ndio aibu yenyewe. Huu ni mvinyo usio na kwao. Mvinyo usio na kwao hauwezi kuomba binti wa mtu."

Nilitegemea atajibu, maana ni mtu wa kujibu. Alichukua kitambaa akafuta kioo cha kabati, mahali ambapo hapakuwa na uchafu, akasema, "Merci, Mama. Nimesikia."

Nimeyaandika yote gazetini wiki hii, na kichwa cha habari ni maneno yangu hayo hayo. Saluni ya Marie-Jeanne wameomba nakala za ziada. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, Barthélemy atatafuta chupa yenye jina la shamba, nawe utajua ni la nani.

Nimeona umeandika "mengine yapo kama yalivyo." Nilisema sitauliza, na siulizi.

Blandina


Kamachumu, 26 Julai 1998

Ma Blandina,

Huku tuko wazima na tunamshukuru Mungu. Mvua zimekwisha, sasa tunadaiwa kazi na kila mgomba ulioanguka.

Umeshinda, sina la kuongeza juu ya lebo. Nimeisoma barua yako kwa sauti na mke wangu ameniuliza kwa nini mimi sielezi mambo hivyo. Lakini kuna kitu kimenikaa rohoni. Huyo Barthélemy, kwao ni wapi leo? Uliandika Bukavu. Nyumba yake ya Bukavu inalaliwa na nani? Sisi tuliona wakimbizi wakipita hapa mkoani mwetu na magodoro kichwani. Ukimwuliza mmoja wao "kibanja chako kiko wapi," alikuwa anaonyesha kwa kidevu, upande alikotoka, halafu anatazama chini.

Swali la kibanja ni langu. Nilikutuma nalo bila kufikiri linakwenda kumwangukia nani. Usiandike zaidi gazetini mpaka nikutafutie swali jingine.

Gosbert


Durban, 23 Agosti 1998

Shemeji Gosbert,

Natumaini mnaendelea vizuri. Sijapata barua yako tangu ile ya Aprili, pengine ipo njiani na hii itapishana nayo.

Vita vimeanza tena kwao kina Barthélemy, bila shaka mmesikia redioni. Mbele ya duka lake la simu mstari unatoka nje mpaka kwenye meza za wauza mitumba. Watu wanapiga Bukavu, simu haishiki, wanarudi nyuma ya mstari kuanza upya. Wengi anawaacha wapige bure.

Jumapili baada ya misa alikuja kwangu na Peguy, wote wamevaa suti. Alikuwa na chupa imefungwa kwenye gazeti. Gazeti langu, shemeji, lile lile. Akaifungua na kuiweka mezani. Lebo nyeupe, herufi chache. Vin de Table. Haina kijiji, haina mkoa, haina mwaka.

"Mama Mati," akasema, "nilisoma yenye uliandika. Nikatafuta yenye inanifanana."

Nikamsogezea kiti.

"Kule Kabare, karibu na Bukavu, nilikuwa na shamba ya ndizi na kahawa. Baba yangu alizikwa mule. Leo sijue nani anakula. Nikileta ile ya Bordeaux, nitakuwa nadanganya shemeji yako. Bordeaux si kwangu. Ile ya kijiji, ya shamba, ingine mutu ndiye aliipanda. Hii haidanganye mutu. Anipime na hii."

Matilda alisema, "Eish, mama," akaenda jikoni, na Peguy akamfuata bila kuomba ruhusa, wala sikumkemea.

Unajua mimi jibu huwa ninalo kabla swali halijaisha. Safari hii nilimpikia chai. Nilimkosoa kwa kudhani kutajwa kwa mahali ni ahadi ya uzuri, halafu mimi nikafanya kutotajwa kwa mahali kuwa ni ushahidi wa ubaya. Ni kosa lile lile limegeuzwa ndani nje. Na yeye alinisahihisha bila neno moja la kunivunjia heshima, akanywa chai yangu, akasifu tangawizi. Namshukuru mtu huyu kuliko nilivyoweza kumwambia. Toleo la wiki ijayo nitaandika hivyo, kwa herufi kubwa kama zile za kwanza.

Chupa anakuletea Godson, mwanafunzi wa Bukoba anayekuja likizo. Nilimwomba kwanza rafiki yetu Pandu, maana anasafiri mapema zaidi. Akaniambia, "Dada yangu, barua nitakubebea hadi peponi. Chupa mtafutie Mkristo mwenzako."

Najua wazee watauliza ya kibanja cha nani. Jibu ni hakuna. Matilda anangoja neno lako, na siku hizi usiku namsikia anageuka kitandani. Ukikataa, nitakuelewa. Yeye hatakuelewa.

Blandina


Kamachumu, 8 Novemba 1998

Ma Blandina,

Kwanza salamu, na salamu hizi zimenenepa kwa sababu nimekunywa. Godson alifika na chupa nzima. Barua zetu zilipishana kweli. Naona sote wawili tulikuwa tunaelekea mahali pamoja, wewe kwa mbio, mimi kwa kuchechemea.

Niliwaita wazee. Anicet akaishika chupa, akaigeuza, akaniuliza, "Imeandikwa inatoka wapi?"

"Haikuandikwa."

"Basi irudi."

"Irudi wapi, Mzee? Haina kwao."

Nikawasomea maneno ya Barthélemy kama ulivyoyaandika. Halafu nikamwuliza Anicet, "Babu wa babu yetu alipofika hapa kutoka Karagwe, alimwomba bibi kwa rubisi ya kibanja gani?" Watu wakaanza kukagua vidole vya miguu. Wote tunaijua habari hiyo, tunaisimulia tukilewa tu. Alikuja mikono mitupu. Baba wa binti akamwonea haya mtu mzima kukosa cha kuleta, akamwambia, "Kata mikungu kwangu." Akakata, akakamua kwa miguu yake mwenyewe, akamletea mwenye ndizi pombe ya ndizi zake. Mzee yule akaionja kwa heshima zote, kama vile haijui. Ukoo wetu wote huu, pamoja na Anicet na fimbo yake, umetoka kwenye pombe hiyo.

Kwa hiyo nilikata mikungu kwa niaba ya Barthélemy. Niliikata kwenye kibanja cha Gilbert, chini ya njia.

Ndiyo, shemeji, kipo. Hukuuliza, nami sikusema, kwa sababu kila mwaka nilikuwa sijui kama mwaka ujao kitakuwepo. Anicet anataka kumpa mwanawe. Nimemwambia hapana kwa maneno ya kila namna, na ninakipalilia mwenyewe ili asipate kusema kimeachwa. Kahawa imezeeka lakini inazaa. Ule mparachichi wako unaangusha matunda juu ya paa la jirani, na yeye hajawahi kulalamika.

Nilikanyaga ndizi mimi, na magoti yangu sasa yamejiunga na yenu. Tulipotia mtama, nikafungua ile chupa na kuimimina yote ndani ya mtumbwi, ili Barthélemy naye awemo. Watu waliguna. Siku ya kunywa hawakuguna. Anicet alionja, akanyoosha kibuyu chake kiongezwe.

Matilda aolewe. Hilo ndilo neno la upande wa baba. Na mwambie Barthélemy kwamba ule mvinyo wake sasa una kwao.

Gosbert


Durban, 13 Desemba 1998

Shemeji Gosbert,

Barua hii naomba uisome kwa sauti wazee wakiwepo. Ukurasa wa kwanza ni wako, mwisho ni wao.

Jana tumemwoza. Misa ilikuwa ya lugha nne na kwaya mbili zilizoshindana. Matilda alitembea kanisani kama mtu anayejua anakotoka, na hilo alilijua kwa sababu yako. Mkeo ningempa kiti cha mbele, yeye na goti lake.

Nilimsomea Barthélemy barua yako dukani kwake. Nilipofika kwenye mtumbwi, akavua miwani. Akawatangazia waliokuwa kwenye mstari kwamba mashine imechoka, akafunga mlango, akaniomba nimsomee tena mahali hapo. Mwishowe akasema, "Mama, mwambie huyu ndugu asante. Mwambie siku barabara itafunguka, nitakuja kukanyaga mwenyewe." Arusini aliwaeleza wageni wote maana ya Vin de Table, na alieleza vizuri kuliko mimi.

Na mimi nakushukuru. Miaka yote hii nilidhani nimeondoka nikaacha mlango wazi na wengine wameingia. Kumbe ulikuwa umesimama hapo mlangoni na jembe. Sijui kusema asante kwa maneno machache, na mengi yangekuchosha. Yapokee haya.

Sasa nageukia wazee. Mzee Anicet na wenzako, shikamooni. Nawashukuru kwa neno mlilolitoa, na nawashukuru kwa kunywa. Msiinuke bado.

Najua mnalofikiri. Mtasema Matilda ni binti, ameolewa na Mkongo, na kibanja cha Gilbert kikiandikwa kwa jina lake ardhi itahama ukoo. Ardhi haihami. Nilimwandikia Gosbert habari za Burgundy, kule Ufaransa: wenye shamba huja na kupita, shamba linabaki na jina na cheo chake palepale. Mtasema hamjawahi kuona mali ya namna hiyo mikononi mwa mjane wala mwanamke. Basi katika duka la Umbilo Road kuna chupa za Kifaransa zilizoandikwa juu kabisa neno Veuve. Maana yake ni mjane. Mjane wa mtu fulani, ameshika mashamba, ametia jina lake kwenye lebo, na wanaume wa dunia nzima wanalipa kwa furaha kunywa jina hilo. Hakuna aliyekufa kwa kulinywa. Mahakama zetu wenyewe zimekwisha sema binti ana haki kwenye ardhi ya baba yake. Mnalijua hilo, mnanyamaza tu.

Sidai kibanja hicho kwa ajili yangu. Mimi ninazeeka na nina Kiingereza cha kufundisha. Nakidai kwa ajili ya binti wa Gilbert, ili siku mtu atakapomwuliza kwao ni wapi, asionyeshe kwa kidevu na kutazama chini.

Pombe ya kibanja hicho mmeinywa, mkaiongeza. Kwa hiyo, Mzee Anicet, nawe na kila aliyenyoosha kibuyu siku ile, jibuni swali la ukoo wenu wenyewe mbele ya Gosbert kabla hajaikunja barua hii: ilikuwa ya kibanja cha nani? Kisha liandikeni jina hilo, na la binti yake kama mrithi, mtie saini, mniletee.

Blandina, mjane wa Gilbert